Kuzima Hakufuti

Mama wa kwanza kuambiwa hayumo alikuwa amesimama mbele ya dirisha la mapokezi na tumbo lake kubwa, kadi mkononi, jasho likimtiririka asubuhi yote ile.

"Jina lako silioni," Hanna alimwambia kwa upole, akaliandika tena.

"Hulioni vipi, na mimi nimekuja hapa juzi tu? Si wewe mwenyewe uliyeniandika?"

"Ni mimi, mama. Ngoja kidogo."

Wa pili naye hayumo. Wa tatu hayumo. Benchi likaanza kunung'unika, na manung'uniko ya wajawazito waliotoka nyumbani bila chai si ya kuchezea hata kidogo. Kadi walikuwa nazo mikononi, sawa, lakini majibu ya vipimo vyao na tarehe za kuwapigia simu vyote vilikuwa ndani ya kompyuta ile. Pudensiana, nesi mwenye zahanati, akasikia kelele, akatoka chumba cha vipimo na glavu zake bado mkononi.

Zahanati yenyewe ni vyumba vichache vya kupanga nyuma ya duka la vipuri la Paresh, pale Ngarenaro, lakini jinsi mwanamke yule anavyoihangaikia ungedhani ni hospitali ya mkoa. Hanna ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe Abdiel. Anaishi nao nyumba moja, na ndiye anayekaa mapokezi na kuingiza taarifa za kila mama. Basi Pudensiana akainama juu ya bega la wifi yake, akatazama. Wa Februari kurudi nyuma wote walikuwepo, kila mmoja na shinikizo lake la damu na kundi lake la damu. Baada ya Februari, hakuna mtu. Ni kama akina mama wa Arusha waliacha kushika mimba.

"Umefanya nini?" Pudensiana aliuliza.

"Sijafanya kitu, wifi. Ijumaa jioni radi zilikuwa zinapiga huko Meru, zinateremka huku. Nikaogopa isije ikaungua. Nikaizima."

"Ukaizima."

"Nikaizima vizuri tu, na waya nikachomoa."

Pudensiana alinyoosha kidole ukutani. Juu ya kompyuta palikuwa na karatasi, mwandiko wa Abdiel, herufi kubwa kubwa: KOMPYUTA HII HAIZIMWI. Iliweza kusomeka mpaka kule benchi, na mama mmoja akaisoma kwa sauti, maana watu wa namna hiyo hawakosekani popote.

"Hujui kusoma, wifi?"

Aliuliza hivyo mbele za watu wote. Hanna ni mtu mzima, kwaya ya akina mama inamtegemea yeye kwa sauti ya kwanza, na wengi wa waliokaa pale benchi walizoea kumwamkia. Alishusha macho kwenye vitufe vya kompyuta, akawa anavipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Abdiel alifika na bodaboda kutoka mjini, alikoajiriwa na kampuni moja ya utalii kuwatunzia kompyuta zao. Zile za zahanati ya mkewe alizitunza kwa muda wa ziada, yaani akipata nafasi, na akikosa nafasi zilijitunza zenyewe. Akina mama wakampisha. "Fundi huyo amekuja," wakasema, na Abdiel, tusifichane, anapenda kuitwa fundi mbele za watu. Akavuta kiti, akakunja mikono ya shati.

Aliiamsha programu inayotunza kumbukumbu, ikaamka bila kulalamika. Akaangalia kama kuna faili lililovunjika, hakuna. Akaangalia kama kuna kosa lolote lililoandikwa, hakuna. Kumbukumbu zilikuwa nzima, zimekatikia Februari kana kwamba mtu amepitisha mkasi.

"Niambie ukweli, dada. Ulibonyeza wapi?"

"Sikubonyeza popote, Abdi. Nimezima tu."

"Kuzima hakufuti," Abdiel alisema. Alilisema kwa ile sauti anayowaeleza nayo wakubwa wa kampuni. "Kuzima kunaweza kuharibu faili, ndiyo, lakini hakuwezi kuchagua miezi. Hizi zimefutwa. Na haziwezi kujifuta."

Loo! Na maneno yenyewe yalikuwa sahihi, ndiyo yanayouma. Muulize fundi yeyote wa kompyuta kuanzia Sakina mpaka Njiro, atakwambia hivyo hivyo: kuzima hakufuti. Abdiel alisema kweli tupu, na kweli yake ikamfunga dada yake kamba miguu na mikono, maana sasa aliyesema si Pudensiana mwenye hasira. Aliyesema ni mtaalamu.

Paresh, mwenye nyumba, alikuwa amekuja kuchungulia mlangoni kwa sababu kelele zilimfikia dukani.

"Abdiel, si wewe uliyeniambia mwaka jana nizime mashine zangu za dukani radi zikianza?"

"Hiyo ni tofauti, Paresh."

"Tofauti vipi? Radi ni radi."

"Ni tofauti, bwana. Niachie." Na alimjibu kwa ukali, kwa sababu hakujua tofauti yenyewe ni ipi.

Jioni ile nyumbani kwao, mtaa wa Kwa Mrombo, makande yalipoa kwenye sahani. Mtoto wao, Godwin, alishaambiwa akasomee chumbani. Pudensiana alikuwa amekaa upande mmoja wa meza, Hanna upande wa pili, na Abdiel katikati yao akigeuzageuza kijiko.

"Mimi najua ni kwa nini," Pudensiana alisema. "Nilikunyima ruhusa ya kwenda Ngaramtoni kwenye kipaimara cha mtoto wa mdogo wenu. Ukakaa nalo moyoni. Umenikomoa, wifi."

"Mimi nikukomoe wewe kwa kufuta wajawazito?" Hanna aliuliza. "Watu wenye matumbo yao? Niliwaandika mmoja mmoja. Wengine nawajua mpaka wakwe zao."

"Basi labda ulikuwa na simu mkononi, unasikiliza kwaya, ukabonyeza usichokijua. Sema tu. Mtu akisema anasamehewa."

"Nisemeje jambo ambalo sikulifanya?"

"Lete simu."

Hanna alimtazama mdogo wake. Alikuwa akingoja aseme hapana, jamani, hayo ya simu hayapo. Abdiel alinyoosha mkono akaipokea yeye, akijidai kwamba afadhali iwe mikononi mwake kuliko kwa mkewe. Akaifungua. Akaanza kupitia ujumbe wa dada yake, mwanamke aliyembeba mgongoni utotoni, mbele ya macho yake. Zilikuwa sauti za mazoezi ya kwaya, na picha za mtoto wa kipaimara ambazo alitumiwa na waliohudhuria. Ijumaa, saa za jioni, palikuwa na ujumbe mmoja tu aliomwandikia mama yao: "Mvua kubwa huku. Mimi sijambo mama, wananitunza vizuri."

Abdiel alirudisha simu bila kusema alichokisoma. Hivi kweli mtu anasoma maneno kama yale, halafu anaendelea kukaa? Alikaa.

"Abdi," Hanna alisema. "Wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Unaamini kwamba nimefuta?"

Neno "sijui" lilikuwepo. Ni neno dogo, halimgharimu mtu kitu, na ndilo lililokuwa la kweli. Lakini mafundi wengi neno hilo huwakwama kooni, hasa wakiwa wametazamwa na watu wawili.

"Kompyuta haina sababu ya kudanganya, dada."

Hanna akaitikia kwa kichwa. Akakusanya sahani, akaziosha, akazipanga kabatini kama siku zote. Asubuhi Pudensiana alipoamka alikuta kitanda cha wifi yake kimetandikwa, ufunguo wa zahanati juu ya mto, na begi halipo. Abdiel alikuwa amesikia geti likifunguliwa. Alilala macho wazi, akajiambia ataamka amsindikize mpaka barabarani, na alipomaliza kujiambia geti likawa limeshafungwa.

Wiki ile ilikwenda vibaya. Pudensiana aliwaandika wajawazito upya kutoka kwenye kadi zao, mkono huu unapima, mkono huu unaandika, na foleni ilifika mpaka kwenye matairi ya Paresh. Abdiel kila jioni alipita na programu za kufufua faili zilizofutwa. Alitafuta usiombe. Hakuona hata faili moja lililofutwa, na hilo nalo halikumshtua. Alizidi kuamini kwamba dada yake alifuta kwa ustadi.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda peke yake kunakili hicho kilichobaki, kisije nacho kikapotea. Akafungua diski ya pili ili aone kama kuna nafasi ya kutosha. Ndani ya diski ya pili aliona folda, na ndani ya folda mafaili makubwa, na pembeni ya mafaili tarehe yalipobadilishwa mara ya mwisho: Ijumaa ile ya radi, jioni.

Aliketi.

Kwa sababu alikumbuka. Alikumbuka yote kwa mkupuo. Februari diski ya kwanza ilikaribia kujaa. Akanunua ya pili, akahamishia kumbukumbu zote huko, na nakala ya zamani akaiacha palepale kwa usalama. Ikabaki kuiambia programu kwamba vitu vimehama. Sasa, ndani ya kompyuta kuna maagizo madogo ambayo mafundi huyaita vigeu vya mazingira. Programu ikiamka huyasoma kwanza, ndiyo ijue vitu vyake vimewekwa wapi. Abdiel alikiandika upya kigeu kile kinachotaja folda, lakini alikiandika kwa haraka, kwa ile namna inayodumu mpaka mashine izimwe, basi. Kukiandika cha kudumu kulitaka nywila ya msimamizi, na nywila aliisahau nyumbani. Akasema nitarudi Jumamosi. Kwa kuwa aliogopa mashine isije ikazimwa kabla ya Jumamosi, akabandika ile karatasi ukutani.

Jumamosi hiyo kukawa na msiba. Iliyofuata kampuni ikapata wageni. Zikaja Jumamosi nyingine na shughuli zake, na kompyuta ikakaa inawaka mchana na usiku kwa msaada wa kibetri cha chini ya meza kila umeme ulipokatika, na karatasi ikapauka ukutani mpaka mwandishi wake mwenyewe akasahau aliiandika kwa ajili ya nini. Hanna akazima, kama mtu yeyote mwenye akili angezima. Mashine ikasahau folda iliyoambiwa kwa mdomo, ikakumbuka ile ya zamani iliyoandikwa. Jumatatu ikaamka ikaenda kufungua folda ya Februari, ikaonyesha kilichokuwemo. Hakuna kilichofutwa. Hakuna kilichopotea. Wajawazito wote walikuwepo wakati wote, diski ya pili, wamekaa kimya.

Nitasema jambo lisilopendeza: cha kwanza alichokihisi Abdiel kilikuwa furaha. Alikirekebisha kigeu, safari hii cha kudumu, akaunganisha na wale walioandikwa wiki ile, akaona majina yakishuka kwenye kioo Machi, Aprili, Mei, akacheka peke yake. Akampigia mkewe.

"Zimerudi!"

"Zote?"

"Zote, mama."

Pudensiana alipiga kigelegele kikasikika mpaka nje ya simu. "Umeweza! Nilijua utaweza, Baba Godwin! Umezitoa wapi?"

"Ah," alisema Abdiel. "Ilikuwa kazi."

Na hapo hakudanganya, ukitaka kumtetea. Alisema ilikuwa kazi, na kazi ilikuwepo.

Mchana ule Pudensiana alipika pilau. Alikuwa na furaha, na akiwa na furaha moyo wake ni mweupe sana, hana kinyongo. Kabla hata ya kuosha mikono alichukua simu akampigia mama mkwe wake Ngaramtoni, akaiweka mezani wasikie wote.

"Shikamoo mama. Ndiyo, wazima. Mama, nilitaka kukwambia kwamba zile kumbukumbu zimepatikana. Mwanao amehangaika wiki nzima mpaka amezitoa. Sasa mwambie wifi asijisikie vibaya. Mwambie tumemsamehe kabisa, na mimi nimemsamehe, yaishe. Binadamu tunakosea."

"Mungu akubariki, mwanangu," sauti ya mama ilisema. "Mngoje, yuko hapa hapa. Hanna! Njoo uzungumze na wifi yako. Hanna?" Ikasikika sauti ya kuku. "Amekwenda kumkatia ng'ombe majani. Nitamwambia."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mdomo anao, simu mezani, mama yake anasikia. Abdiel aliongeza mchuzi kwenye pilau yake akajiambia kesho, nitakwenda mwenyewe nikamweleze, mambo haya hayasemwi kwenye simu. Kesho ilikuwa Jumatatu na kampuni ilikuwa na kazi. Na kanisani watu walishaanza kumpongeza. "Tumesikia dada yako alifuta ukafufua," mwenyekiti wa kwaya alimwambia, na Abdiel akajibu kwamba tumshukuru Mungu.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka leo, kama si umeme.

Pudensiana alikuwa ameajiri msichana wa kukaa mapokezi, Lilian, mwenye mikono myepesi na woga mwingi. Siku moja umeme ulikatika asubuhi ukachelewa kurudi. Kibetri cha chini ya meza kikalia, kikalia, kikachoka, na kompyuta ikazimika. Lilian aliangua kilio. Alishasimuliwa yaliyompata aliyemtangulia, akaona naye anafukuzwa. Pudensiana alimbembeleza. Umeme uliporudi wakaiwasha wakiwa wameshikana mikono. Majina yakashuka, Machi, Aprili, Mei, mpaka mama aliyeandikwa asubuhi ile.

Lilian alishukuru Mungu akafuta machozi. Pudensiana hakushukuru kitu. Alibaki ameitazama ile karatasi ukutani.

Abdiel alipoingia nyumbani alimkuta mkewe sebuleni, hajavua sare ya kazi.

"Leo kompyuta imezimika," Pudensiana alisema.

"Nilisikia umeme ulisumbua upande huo."

"Imezimika, imewaka, na hakuna aliyepotea."

"Safari hii niliirekebisha vizuri."

"Uliirekebisha vizuri. Kwani kabla ilikuwaje? Baba Godwin. Mimi ni nesi, sijui kompyuta. Lakini najua kwamba dawa ikimponya mtu, ugonjwa ulikuwepo. Hebu niambie, Hanna alifuta nini?"

Abdiel akamweleza. Alianza na diski kujaa, akaenda kwenye nywila, akapita kwenye msiba wa Jumamosi, akaeleza kigeu ni nini na kinasomwa lini, akaeleza mno, kama ilivyo kawaida ya mtu anayeogopa kufika mwisho wa maelezo. Pudensiana alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Kwa hiyo hakufuta kitu."

"Hakufuta."

"Na tangu ile Jumapili ulijua."

"Nilijua."

"Nilimpigia mama yako simu nikamwambia tumemsamehe Hanna. Ulikuwa umekaa hapo, kwenye kiti hicho."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ukaongeza mchuzi," Pudensiana alisema. "Nimemsamehe mtu ambaye mimi ndiye niliyemkosea. Nimemdhalilisha mbele ya watu, nikataka simu yake ipekuliwe, halafu nikamsamehe! Atanionaje mwanamke yule? Mimi nilisema kwa hasira, na yangu nitakwenda kuyaombea radhi kwa mdomo huu huu. Lakini wewe hukuwa na hasira, Abdiel. Wewe ulitumia elimu." Akasimama. "Kesho unakwenda Ngaramtoni. Na kampuni ikikufukuza, ikufukuze."

Nyumba ya mama yao iko juu kidogo ya soko la Ngaramtoni, ukipanda upande wa Meru, mahali ambapo migomba inaanza kufungana. Marehemu baba yao alinunua kiwanja pale akiwa kijana, na alipotoka Machame alikuja na miche ya masale akaipanda mpakani kote, kama kule kwao. Abdiel alipanda njia ile akipanga maneno. Dada, nimekuja. Dada, sijui nianzie wapi. Kila alipoyapanga yakaanguka. Alipofika mpakani akasikia panga likigonga, tak, tak, akajua ni Hanna anamkatia ng'ombe mgomba. Akasimama hapo hapo.

Ndipo alipoyaona masale pembeni yake.

Wasiojua niwaeleze. Wachaga wana jani lao, isale, refu na jembamba. Mtu akikukosea kosa zito, la damu au la ardhi, kosa ambalo maneno hayalifikii, akakuletea isale, umesamehe. Huna hiari. Ukilikataa, laana inageuka kuwa yako. Wazee hawalichukui hovyo. Wanakaa vikao kwanza, mtu anasemwa, anasema, anatubu, na jani huja mwishoni kabisa. Abdiel alijua yote hayo, amekua akiyasikia. Lakini alichokiona wakati ule, kwa woga ule aliokuwa nao, ni kwamba hapa kuna kitu ambacho dada yake hawezi kukikataa. Akavunja jani moja. Akaingia uani amelishika mbele, kwa mikono miwili.

Mama yao alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Alipoona alichokishika mwanawe, mikono yake ikasimama.

Hanna aligeuka. Alilitazama jani kwanza, kisha akamtazama aliyelishika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Aliliweka panga chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, upande mmoja na upande wa pili, akaja akalipokea isale kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe, Abdiel," alisema.

"Aika, aika," mama yao alishukuru kwa Kichaga, na machozi ya furaha yakamtoka. "Yameisha, wanangu. Ngoja nibandike chai." Akajikongoja kwenda jikoni.

Abdiel alipumua. Akajihisi mwepesi, na maneno yaliyomkimbia njiani yakaja yote kwa pamoja.

"Dada, hukufuta. Ni mimi. Mwezi wa pili nilihamisha zile data, nikaacha sikumalizia kazi, nikabandika karatasi..."

"Usinieleze."

"Lakini nataka ujue."

"Najua kwamba sikufuta. Nimejua tangu Jumatatu ile, Abdiel. Unataka nijue nini tena?" Hakuwa na ukali. Aliongea kama anayemjibu mgeni aliyeuliza njia. "Isale limeshapokelewa. Likishapokelewa hakuna maneno. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

"Ndivyo. Ila nilitaka unisikie."

"Ungetaka nikusikie ungekuja mikono mitupu."

Hanna alilitundika jani kwenye ukingo wa zizi, asilikanyage mtu.

"Unajua nilikuwa nakungoja?" alisema. "Kila siku. Nikisikia pikipiki nachungulia. Nilikuwa nimekuwekea maneno wewe! Nilipanga nikuseme mpaka koo likauke. Ile simu uliyoichukua mkononi kwangu, nikuulize ulichokisoma mle ndani, unijibu. Nilijua utalia, maana nakujua, na mimi ningelia. Halafu ningekukaripia unyamaze, ningekupikia, tungekula. Nilikuwa nakuandalia msamaha wangu mimi mwenyewe, utoke humu." Akajigusa kifuani. "Ulikuwa haujaiva, lakini ulikuwa unakuja. Wewe umeona unachelewa, umenichukulia wa mababu hapo mpakani."

"Dada, niseme basi. Niseme sasa hivi. Nitukane."

"Siwezi. Nimeshakusamehe."

Akaokota panga, akarudi kwenye mgomba wake. Tak, tak. Abdiel alisimama uani akiwa hana kitu mikononi. Angetoa chochote apate tusi moja tu. Simu ikalia mfukoni, ikalia tena, akaipokea kwa sababu alijua ni nani.

"Umefika?" Pudensiana aliuliza. "Vipi, amekusamehe?"

"Amenisamehe."

"Ashukuriwe Mungu. Anarudi lini?"

Abdiel alimtazama dada yake. Mgongo ulikuwa umeelekea kwake, na panga halikukosa pigo hata moja.

"Harudi," alisema, akaanza kulia pale pale uani, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.